Timu ya Taifa ni ya Nani?

Ndugu msikilizaji, wiki chache zilizopita niligusia katika mazungumzo haya, tena kwa kupita tu, habari za timu ya raga ya Afrika Kusini. Sikutegemea kwamba sentensi mbili zingeniletea barua. Msikilizaji mmoja wa Iringa ameniandikia kurasa tatu, na wino wake unaonyesha kuwa aliandika kwa hasira. Hoja yake ni hii: Afrika Kusini ilikuwa na timu ya kutisha dunia nzima mpaka wanasiasa walipoingiza mambo ya rangi katika kuchagua wachezaji, tangu hapo timu hupanda na kushuka kama homa ya vipindi. Anamaliza kwa kusema michezo iachwe iwe michezo, na kwamba mimi ninayejiita shabiki wa raga ninapaswa kuwa wa kwanza kulisema hilo.

Namshukuru kwa barua. Nitajaribu kumjibu, na kwa kuwa wasikilizaji wetu wengi ni watu wa kandanda, itanibidi kwanza nieleze mchezo wenyewe.

Raga huchezwa na watu 15 kila upande. Mpira wake una umbo la yai. Mchezaji anaruhusiwa kuushika na kukimbia nao, lakini haruhusiwi kumrushia kwa mkono mwenzake aliye mbele yake; hurusha nyuma au pembeni tu. Akiufikisha mpira nyuma ya mstari wa goli la adui na kuugusisha chini, hiyo ni trai, nayo ina pointi 5. Teke la baada ya trai likipita kati ya milingoti huongeza 2, na penalti ni 3. Mengine ni kusukumana, na katika kusukumana huko mna ufundi mwingi kuliko mtu anavyodhani akitazama kwa mara ya kwanza.

Mimi niliujua mchezo huu Morogoro, mwaka 1981, nikiwa kidato cha pili. Baba yangu alikuwa akiuza mbao. Miongoni mwa wateja wake walikuwamo ndugu zetu wakimbizi wa Afrika Kusini waliokuwa Mazimbu, mahali ambapo Serikali ilikipa chama cha ANC ardhi, na wao wakajenga shule waliyoiita kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu mwaka 1979. Mteja mmoja alikuwa seremala katika karakana yao ya samani. Sisi tulimwita Fundi, na jina lake halisi nitaliacha. Alikuwa mtu wa Port Elizabeth, Kiswahili chake cha kubahatisha, na kila alikokwenda alikuwa na redio ndogo ya masafa mafupi.

Jumamosi moja ya Septemba alifika dukani asubuhi mapema, kabla hata hatujafungua, akicheka peke yake. Alituambia kwamba huko New Zealand, katika mji wa Auckland, timu ya makaburu imefungwa 25 kwa 22 kwa penalti ya dakika za mwisho, na kwamba wakati mchezo ukiendelea ndege ndogo ilikuwa ikipita juu ya uwanja ikidondosha mifuko ya unga. Mfuko mmoja ulimwangusha mchezaji wa New Zealand wenyewe! Baba alimwuliza, "Sasa Fundi, wewe timu ya nchi yako imefungwa, mbona unafurahi?" Fundi alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yana unyevu. Akasema, "Mzee, ile si timu ya nchi yangu. Ile ni timu yao."

Jibu hilo lilinishangaza. Nilidhani, kama alivyodhani baba, kwamba pengine watu weusi wa kule ni watu wa kandanda na raga haiwahusu. Siku hiyo Fundi aliacha mbao akakaa juu ya gogo akatueleza. Watu weusi wa jimbo lake la Cape Mashariki walikuwa wakicheza raga tangu karne ya 19, wakiwa wamejifunza katika shule za wamisionari. Yeye mwenyewe alicheza, na baba yake alicheza. Walikuwa na klabu zao, ligi zao, na huko Zwide, nje kidogo ya Port Elizabeth, walikuja kupata uwanja wao wenyewe kwa juhudi za Dan Qeqe na wenzake. Lakini timu ya taifa ilikuwa haramu kwao. Weusi waliokwenda kutazama walitengewa pembe yao ya uwanja, na kutoka humo walimshangilia mgeni, awe Mwingereza au mtu wa New Zealand.

Hapa ndipo ninapotaka kusimama na msikilizaji wangu wa Iringa. Mchezo wa kwanza wa kimataifa wa Afrika Kusini ulichezwa mwaka 1891, katika mji huo huo wa Port Elizabeth. Mtu mweusi wa kwanza kuvaa jezi ya timu hiyo, Errol Tobias, aliivaa katika mchezo wa kimataifa mwaka 1981. Hiyo ni miaka 90. Kwa miaka 90 mgawo wa rangi ulikuwapo, nao ulikuwa mwepesi kuuhesabu: nafasi 15 kati ya 15 ni za weupe. Hakuna aliyeuita mgawo. Uliitwa uteuzi.

Wala siasa hiyo haikuishia ndani ya mipaka yao. Mwaka 1960 New Zealand walipokwenda Afrika Kusini waliwaacha nyumbani wachezaji wao wa kabila la Maori, ili wenyeji wasichukizwe. Mwaka 1970 Wamaori waliruhusiwa kuingia, ila kwa cheo cha ajabu: walihesabiwa kuwa weupe wa heshima. Mwaka 1976 New Zealand walikwenda tena, na ziara ilianza wiki mbili tu baada ya watoto wa Soweto kupigwa risasi. Nchi za Afrika zikataka New Zealand iondolewe katika Michezo ya Olimpiki ya Montreal. Kamati ya Olimpiki ikajibu kwamba raga si mchezo wa Olimpiki, kwa hiyo haiihusu. Nchi zaidi ya 20, nyingi zikiwa za Afrika, zikasusa, Tanzania na Kenya zikiwamo.

Wenye umri wangu wanajua gharama yake. Filbert Bayi wetu alikuwa amevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2, tena aliivunja huko huko New Zealand, mjini Christchurch, akiwa mbele ya John Walker wa nchi hiyo. Montreal ndiko dunia nzima ilikotegemea kuwaona wawili hao wakipambana tena. Bayi hakukimbia. Walker alichukua dhahabu. Kwa hiyo mtu anaponiambia raga ya Afrika Kusini na siasa zake ni mambo ya watu wengine, mimi namkumbuka Bayi. Tulishalipa kiingilio katika mchezo huu kabla hatujaujua.

Tuendelee. Ubaguzi ulipoanza kubomoka, vyama vya raga vya weupe na vya wasio weupe viliunganishwa mwaka 1992. Fundi alikuwa amekwisha kurudi kwao mwaka mmoja kabla. Tukabaki kuandikiana barua, kwanza yeye na baba, na baba alipofariki, yeye na mimi.

Juni 24, 1995, msikilizaji, unaijua hata kama huujui mchezo. Kombe la Dunia, uwanja wa Ellis Park, Johannesburg, watu zaidi ya 60,000, na Rais Nelson Mandela akaingia amevaa jezi ya kijani yenye namba 6, ile ya nahodha Francois Pienaar. Ndani ya chama chake mwenyewe walikuwako waliotaka ile nembo ya swala ifutwe kwa sababu ilikuwa nembo ya ubaguzi. Yeye ndiye aliyewasihi waiache. Afrika Kusini ilishinda 15 kwa 12 katika muda wa nyongeza, kwa teke la Joel Stransky. Mimi nilisikiliza redioni Dar es Salaam, nikapiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna msiba.

Nikamwandikia Fundi kumpongeza. Jibu lake ninalo hadi leo. Aliandika kwamba alitazama kwa jirani, na New Zealand walipopata pointi alijikuta akishangilia. Si kwa kupenda, bali kwa mazoea ya miaka 40, na wajukuu wa jirani wakamcheka. Kisha akaandika jambo ambalo mimi katika furaha yangu sikulihesabu: katika wale 15 mweusi alikuwa mmoja tu, Chester Williams. Mandela alivaa jezi yao, aliandika, jambo jema, lakini je, nani amevaa jezi yetu?

Nilikasirika kidogo. Nilimwona kama mgeni anayekataa chakula cha harusi. Tulibishana katika barua kwa miaka.

Mwaka 2007 walichukua kombe tena, jijini Paris, 15 kwa 6 dhidi ya Uingereza. Waliokuwa si weupe katika kikosi kilichoanza fainali hiyo walikuwa wawili, Bryan Habana na JP Pietersen, wote wakimbiaji wa pembeni. Nchi hiyo weupe wake leo hawafiki 8 katika kila watu 100. Miaka 12 tangu 1995, na hesabu imetoka mmoja hadi wawili. Wanasiasa wakaanza kugonga meza.

Ubishi uliofuata ndio anaousema msikilizaji wetu. Mwaka 2008 Peter de Villiers alipewa ukocha, mtu wa kwanza asiye mweupe kuushika, na rais wa chama cha raga akatamka hadharani kwamba uteuzi huo haukutazama sababu za raga peke yake. Tafakari kauli kama hiyo kutoka kwa mwajiri wako siku ya kwanza kazini! De Villiers huyo mwaka uliofuata aliwafunga timu ya pamoja ya Uingereza na Ireland michezo 2 kwa 1 na kuchukua ubingwa wa mataifa matatu, akiwapiku New Zealand na Australia. Mwaka 2015 chama kimoja kidogo cha siasa kilikwenda Mahakama Kuu ya Pretoria kutaka timu izuiwe kusafiri kwenda Kombe la Dunia kwa sababu weusi walikuwa wachache. Mahakama ilikataa. Timu ikasafiri, ikafungwa na Japan 34 kwa 32. Aprili 2016 waziri wa michezo akakipiga marufuku chama cha raga kuomba kuandaa mashindano ya kimataifa kwa kutotimiza malengo ya mageuzi. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 2017.

Mwaka huo wa 2016 timu ilicheza michezo 12 ikafungwa 8. Ilifungwa hata na Italia, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Septemba 2017 New Zealand wakaipiga 57 kwa sifuri. Kocha alikuwa Allister Coetzee, naye si mweupe, na hapo ndipo maneno yalipokuwa mengi: mmeona, siasa imeua timu.

Sasa mimi kama shabiki najiuliza. Waliofungwa na Japan mwaka 2015 wengi wao walikuwa weupe, na kocha alikuwa mweupe. Siku ile rangi ya nani iliua timu? Na katika ile fedheha ya 57 kwa sifuri, Siya Kolisi alikuwa uwanjani. Miaka miwili baadaye, Novemba 2, 2019, mjini Yokohama, Kolisi huyo huyo, sasa nahodha, alinyanyua Kombe la Dunia baada ya kuwafunga Uingereza 32 kwa 12. Katika 15 walioanza siku hiyo sita walikuwa si weupe, na trai zote mbili zilifungwa na Makazole Mapimpi na Cheslin Kolbe. Ile ya Mapimpi ndiyo trai ya kwanza kwa Afrika Kusini katika fainali ya Kombe la Dunia. Fainali mbili za kwanza walizishinda kwa mateke matupu.

Kilichobadilika kati ya 2017 na 2019 hakikuwa rangi. Kwanza, kocha mpya Rassie Erasmus alipewa mkataba mrefu na madaraka mapana, wakati waliomtangulia walikuwa wakiishi kwa kuhesabu wiki. Pili, ile sheria iliyowazuia wachezaji wengi wanaolipwa Ulaya kuitwa nyumbani ililegezwa na hatimaye ikaachwa. Tatu, walirudia kazi wanayoijua: kusukuma, kulinda, kupiga mpira juu na kuufukuza, na kuweka benchi la wasukumaji wazito kama wale wanaoanza, wakaingizwa wapinzani wakiwa wamechoka. Mambo ya kuchosha kuyaeleza redioni, lakini ndiyo yaliyoshinda.

Kwa hiyo namkubalia msikilizaji wa Iringa jambo moja. Mgawo wa nafasi unamtia doa mchezaji anayestahili. Kolisi mwenyewe, katika mahojiano na shirika moja la habari la Japan yaliyochapishwa mwanzoni mwa 2019, alisema hangependa kuchaguliwa kwa sababu ya rangi ya ngozi yake, na akashambuliwa sana nyumbani kwa kauli hiyo. Lakini waliomshangilia na waliomshambulia waliinukuu nusu tu. Nusu ya pili ndiyo nzito. Alisema kwamba kama asingepelekwa katika shule nzuri asingekuwa akila vizuri, asingekua vizuri wala kupata matayarisho waliyopata wenzake.

Hebu tutazame maisha yake. Kolisi alizaliwa Zwide, Juni 16, 1991, siku ya kumbukumbu ya Soweto. Alilelewa na bibi yake katika umaskini. Akiwa na miaka 12 alionekana katika mashindano ya watoto, akapewa ufadhili katika shule ya Grey mjini Port Elizabeth, shule ya viwanja vya majani, walimu wa michezo na milo mitatu. Hapo ndipo nahodha alipopatikana. Jina lililosomwa Jumamosi ya fainali lilikuwa limeamuliwa miaka mingi nyuma, siku ambayo mtu mmoja alimtazama mtoto mmoja na wengine wakakosa kutazamwa. Mapimpi hakutazamwa; alikulia kijijini, akasoma shule isiyo na jina katika raga, akachelewa kuitwa mpaka alipokaribia miaka 28. Huwa najiuliza ni wangapi wa umri wake waliochoka kungoja.

Wanasiasa hupenda kuhesabu 15 wa Jumamosi kwa sababu ni rahisi, wamesimama mstari mmoja wakiimba wimbo wa taifa. Kuhesabu shule zisizo na milingoti ni kazi ndefu na haina kamera. Na wale wanaosema siasa itoke michezoni nao hawapendi hesabu hiyo, kwa sababu shule nyingi zenye majani zilipata majani yake kwa siasa.

Baada ya Yokohama nilimpigia Fundi simu. Siku hizi barua zimekwisha. Nilitegemea kusikia kelele, kwani nahodha ni kijana wa mtaani kwake. Alisema, "Wamecheza vizuri." Nikaisikia ile "wa". Nikamwambia, "Fundi, Kolisi ni wa Zwide!" Akajibu, "Ndiyo, na watoto wa Zwide ni wangapi?" Akanieleza kwamba shule ya mjukuu wake ina mpira mmoja na kiwanja cha vumbi na mawe, na kwamba kijana huyo, mwenye mbio kama za Habana, tayari ameacha raga kwa sababu mama yake hawezi kununua viatu vyake na bado alipe nauli.

Oktoba 28, 2023, Kolisi alinyanyua kombe tena, jijini Paris, baada ya kuifunga New Zealand 12 kwa 11. Michezo yote mitatu ya mwisho, dhidi ya Ufaransa, Uingereza na New Zealand, waliishinda kwa pointi moja moja. Usiku wa fainali mapigo yangu ya moyo hayakuwa ya mtu wa umri wangu. Kabla sijatulia simu ikalia. Alikuwa Fundi, akifoka. Hakufoka juu ya wazungu wala juu ya wanasiasa. Alikuwa akimlaumu kocha: vipi mtu mwenye akili anaweka benchini wasukumaji saba na mkimbiaji mmoja tu? Wakimbiaji wawili wakiumia nani atacheza nyuma, mpishi? Nikamwambia, lakini wameshinda. Akasema, "Tumeshinda kwa bahati!" kisha akaendelea kufoka mpaka salio lake likakatika.

Nilimpigia mimi. Tulizungumza karibu saa nzima, juu ya benchi, juu ya skramu, juu ya kadi nyekundu ya nahodha wa New Zealand ambayo yeye aliiona ya halali na mimi niliiona kali. Mwishoni nikamwuliza habari za mjukuu. Anafanya kazi ya kulinda gari kwenye maegesho ya duka kubwa, alisema. Fainali aliitazama kwa simu ya mlinzi mwenzake.

Ndugu wa Iringa, barua yako nimeihifadhi pamoja na ya Fundi ya mwaka 1995. Ukiniandikia tena nitakusoma hewani, na kama utapita Dar es Salaam wakati wa Kombe la Dunia la 2027 huko Australia, karibu tutazame pamoja. Chai nitaitayarisha mimi.